Tiketi za ndege tunazo, lakini Culebra tutavukaje?

Swali

Assalaam alaykum,

Tunaishi Columbus, Ohio. Mimi na baba watoto tuna grini kadi, na watoto wetu watatu (miaka 13, 8 na 4) ni raia wa hapa. Mama mkwe wangu ana miaka 67. Ametoka Tanga kwa visa ya matembezi na yuko nasi tangu Januari. Shule zikifungwa Machi, wiki ile inayoishia na Pasaka, tunataka watoto waione bahari ya joto, na bibi yao naye theluji imemchosha. Tumekata tiketi za ndege hadi San Juan, Puerto Rico. Tunatua Jumamosi saa kumi jioni, tunaondoka Jumamosi inayofuata saa tano asubuhi. Nyumba tumepanga kwenye kisiwa kidogo cha Culebra, usiku saba.

Baba watoto anasema kazi imekwisha, tukishuka ndege tunachukua gari la kukodi, tunaingia nalo kwenye feri, tunavuka. Mimi nasikia tiketi za feri huisha na watu hubaki bandarini na mizigo yao. Mtoto mkubwa anaogelea kidogo kwenye bwawa, hao wadogo hawajui kabisa. Mama ana presha, magoti yanamsumbua, na nyama isiyochinjwa kihalali haigusi. Je, tubadilishe kisiwa? Na karatasi za mama hazitaleta shida huko?

Mama Watatu, Columbus

Jibu

Wa alaykum salaam, Mama Watatu.

Kisiwa msikibadilishe. Badilisheni siku za kuvuka, na mfanye hivyo wiki hii. Culebra ina urefu wa kilomita 11 hivi, wakazi hawafiki 2,000, na mji ni mmoja tu, Dewey. Kila kinachofika pale, kuanzia mtu hadi mkate, kimepita kwenye feri au kwenye ndege ndogo. Familia nyingi hupanga nyumba kwanza na kivuko baadaye, na hapo ndipo likizo huharibika. Anzeni na kivuko, halafu nyumba, gari na chakula vifuate.

Tazameni saa zenu. Mkitua saa kumi jioni, hadi mizigo itoke na gari lipatikane ni saa kumi na moja na ushei. Kutoka uwanja wa San Juan hadi bandari ya Ceiba ni mwendo wa saa moja na robo barabara ikiwa nyeupe, na Jumamosi jioni haiwi nyeupe. Abiria anatakiwa kufika bandarini saa nzima kabla ya feri kuondoka. Hata ikitokea miujiza mkaikuta feri ya mwisho, mtashuka Dewey usiku, ofisi za magari zimefungwa, mna mtoto wa miaka minne amelala begani na bibi mwenye magoti mabovu. Safari ya kurudi ni mbaya zaidi. Ndege ya saa tano asubuhi inawataka muwe uwanjani saa tatu, kwa hiyo itabidi mpande feri ya alfajiri, na feri hiyo ikichelewa saa moja tu, ndege imewaacha.

Jambo la pili ni hiyo wiki yenyewe. Wiki ya kabla ya Pasaka, Semana Santa kwa Kihispania, ndiyo wiki ambayo watu wa Puerto Rico wenyewe huenda pwani. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa Kuu umati huelekea Culebra, na Jumapili umati huohuo hurudi. Wakazi wa kisiwa wana kipaumbele kwenye feri kisheria, na ni haki yao, kwa sababu ndiyo njia yao ya kwenda kazini na kwa daktari. Mgeni hupata nafasi inayobaki. Nanyi basi mwende kinyume cha umati: vukeni Jumatatu asubuhi, rudini Alhamisi. Siku hiyo feri zinazokwenda zimejaa na zinazorudi zina nafasi.

Mpango wenyewe uwe hivi. Jumamosi na Jumapili mlale Luquillo au Fajardo, miji ya pwani iliyo karibu na Ceiba. Jumapili watoto waogelee ufukwe wa Luquillo, ambao maji yake hukingwa na mwamba na hutulia, na jioni mkanunue chakula Fajardo. Jumatatu mvuke asubuhi. Mlale Culebra usiku tatu. Alhamisi mrudi, mlale usiku mbili za mwisho upande wa San Juan. Hizo usiku mbili ndizo kinga yenu: feri ikifutwa Alhamisi kwa hitilafu ya injini au bahari kuchafuka, mnayo Ijumaa nzima. Mwandikieni mwenye nyumba leo mkamwombe apunguze usiku. Wiki ya Pasaka nyumba hazikosi wateja, hivyo huenda akakubali bila kinyongo. Akikataa, piga hesabu ya usiku mtakaopoteza ukailinganishe na tiketi sita mpya za ndege za kurudi Ohio. Utaona kipi ni nafuu.

Sasa tiketi. Zinauzwa kwenye tovuti rasmi ya feri za Puerto Rico, na nauli ya mtu mzima ni dola 2 na senti 25 kwenda tu. Kwa bei hiyo usisubiri kuwa na uhakika. Nunua za Jumatatu asubuhi mara zinapotokea, na nunua na za kurudi hapohapo, maana kuna watu hukumbuka kwenda wakasahau kurudi. Tiketi hazitolewi zote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ukikuta hakuna leo, angalia tena kesho na keshokutwa. Kila abiria awe na tiketi yake, hata mtoto. Na hakikisha mnaelekea Ceiba, kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi la majini ya Roosevelt Roads. Hadi 2018 feri ziliondokea Fajardo, na bado kuna maelezo ya zamani yanayowapeleka watu huko.

Zikikosekana kabisa, kuna ndege ndogo kutoka uwanja wa Ceiba zinazovuka kwa takriban robo saa. Nauli yake ni mara ishirini ya feri au zaidi, na abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo yake, kwa hiyo masanduku makubwa yaachwe. Kwa mama mkwe, pimeni. Feri ina foleni ya kusimama na kuburuta mizigo, na ndege ina kupanda ngazi fupi na kuinama mlangoni. Mwenye magoti mabovu mara nyingi huona foleni ndiyo inayomuumiza zaidi. Mkiwa na uwezo, yeye na mwanawe wapae, wewe uvuke na watoto.

Feri inachukua kama dakika 45. Kwenda ni kuelekea mashariki, uso kwa uso na upepo wa matlai na mawimbi yake, ndiyo maana watu hutapika wakienda na hawatapiki wakirudi. Kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo hakirushwi sana. Watoto wale kitu kikavu kidogo saa moja kabla, wasiende na tumbo tupu wala lililojaa maziwa. Dawa ya kichefuchefu cha safari humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, kwani ukishaanza kutapika haisaidii. Kwa mama, muulize mfamasia kwanza. Nyingi ya dawa hizi huleta usingizi na kizunguzungu kwa wazee, na mzee mwenye usingizi kwenye ngazi ya chombo ni hatari kuliko kichefuchefu.

Gari la kukodi halivuki. Mikataba ya kampuni za magari huko kwa kawaida inakataza kulipandisha feri, na feri ya mizigo nayo huwapa nafasi wakazi kwanza. Liacheni kwenye maegesho ya kulipia ya bandari ya Ceiba. Msilirudishe mkitegemea teksi za simu, maana kutoka Ceiba kurudi San Juan hupatikana kwa bahati. Culebra mtakodi jingine, na hapa kuna mtego: jipu zinazokodishwa pale hubeba watu watano, ninyi ni sita. Uliza mapema kama kuna gari la viti saba. Likikosekana, chukueni jipu na mfanye safari mbili, kwa kuwa kutoka Dewey hadi ufukwe wa Flamenco ni dakika kumi tu. Vigari vya gofu vya viti sita vinavutia watoto, lakini barabara za pale zina vilima vikali na usiku hazina taa, na kiti cha mtoto wa miaka minne hakifungiki humo ipasavyo. Siti yake ya gari njooni nayo kutoka nyumbani. Tena kuna teksi za basi dogo, huitwa público, zinazosubiri feri na kwenda Flamenco kwa dola chache kila mtu.

Kuhusu maji ndiko nataka mnisikilize sana, kwa sababu ya hao wawili wasiojua kuogelea.

Flamenco ni ufukwe wa mchanga mweupe wenye umbo la kwato, na mwishoni kuna vifaru viwili vyenye kutu vilivyopakwa rangi, mabaki ya jeshi la majini la Marekani, lililofanyia Culebra mazoezi ya mabomu hadi 1975. Watoto watavipenda. Lakini ufukwe huu umeelekea kaskazini, na hadi mwezi Machi dhoruba za Atlantiki ya kaskazini hutuma mawimbi mazito hata siku ambayo jua linawaka na upepo umelala. Mawimbi hayo hujaza maji ufukweni, na maji hayo hurudi baharini kwa mkondo mwembamba unaovuta mtu kwa nguvu. Mkondo huonekana kama njia ya maji yaliyotulia kati ya mawimbi yanayopasuka, na ndiyo maana asiyejua huuchagua, akidhani pametulia. Kila asubuhi soma utabiri wa fukwe wa idara ya hali ya hewa ya San Juan. Hutaja hatari ya mikondo kuwa ndogo, ya wastani au kubwa. Ikiwa ni kubwa, Flamenco iwe ya kuchezea mchanga na kula. Bendera nyekundu ikipandishwa hakuna mjadala. Mkubwa wenu naye afundishwe kabla ya safari: mkondo ukimvuta asipigane nao kurudi moja kwa moja, aelee, ainue mkono, kisha aogelee sambamba na ufukwe hadi autoke.

Siku hizo nendeni upande wa magharibi, Tamarindo au Melones, demani ya kisiwa, ambako maji hutulia. Tamarindo kuna majani ya baharini karibu na ufukwe na kasa wa kijani huja kuyala, hivyo mtoto mwenye miwani ya kuzamia na mrija anaweza kuwaona bila kwenda mbali. Kasa wanalindwa na sheria ya nchi nzima, na eneo lile tangu 1999 ni hifadhi. Haruhusiwi mtu kuwagusa, kuwafuata wala kuwazingira wanapopanda kuvuta pumzi. Ufukwe ni wa mawe, kwa hiyo viatu vya maji ni lazima.

Lakini utulivu wa Tamarindo una hatari yake. Upepo pale hutoka nchi kavu kwenda bahari kuu. Boya la kujaza upepo, lile la bata au la duara, likiachiwa lenye mtoto juu yake linaondoka kimyakimya, na hakuna wimbi la kulirudisha. Msinunue hayo maboya, na vile vya mikononi pia viacheni. Nunueni majaketi ya kujiokolea yenye muhuri wa walinzi wa pwani wa Marekani, yaliyopimwa kwa uzito wa mtoto: wa miaka minne huangukia kati ya paundi 30 na 50, wa minane kati ya 50 na 90. Mpime mtoto kabla ya kununua. Mvalishe, mfunge, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Na kila mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima wake mmoja aliye ndani ya maji, anayeweza kumfikia kwa mkono. Ninyi ni wazazi wawili kwa watoto wawili, kwa hiyo hakuna wa kusoma simu.

Miwani ijaribiwe Columbus. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika bila kushikwa, inamfaa. Kwa msichana mwenye nywele, hakikisha hakuna unywele au ukingo wa kilemba uliopita chini ya mpira, kwa kuwa hapo ndipo maji hupenya. Mazoezi ya kupumua kwa mrija yafanyike bafuni, halafu kwenye bwawa. Mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza mbele ya mawe hushtuka, humeza maji, na siku nzima hataki tena. Miwani ile inayofunika uso mzima sishauri kwa watoto, maana ikiingia maji haivuliki upesi.

Jua la nyuzi 18 kaskazini linaunguza ngozi nyeusi pia. Nguo za kuogelea za mikono mirefu zinasaidia kuliko krimu, na wewe na mama mkivaa zenu za stara hamtakuwa na tatizo lolote. Ingieni majini saa mbili hadi saa tano asubuhi, kabla upepo haujachangamka.

Mambo mawili ya ardhini. Kwenye fukwe za Karibi, zikiwemo za Culebra, kuna mti uitwao manzanillo wenye matunda ya kijani yanayofanana na tofaa dogo na yenye harufu tamu. Ni sumu kali. Hata maziwa ya mti huo hubabua ngozi, na mvua ikinyesha msijikinge chini yake. Watoto waambiwe waziwazi: tunda la ufukweni haliokotwi. Pili, chuma chochote chenye kutu mtakachokikuta kwenye vichaka au ndani ya maji kisiguswe, kwa kuwa mabomu yasiyolipuka bado yapo. Vibao vimewekwa, viheshimiwe.

Chakula kisiwapeni hofu. Mama atajikuta nyumbani, kwani huko mbaazi ni chakula cha kila siku, huitwa gandules, na madukani kuna ndizi za kupika, muhogo, nazi na mchele. Tatizo ni kwamba maharage na mbaazi za hotelini mara nyingi hupikwa na nguruwe, na mofongo ya ndizi hupondwa na ngozi yake iliyokaangwa. Semeni “sin cerdo ni manteca”, yaani bila nguruwe wala mafuta yake, na bado chagueni samaki wa kukaanga mbele yenu au mpike wenyewe. Nyama ya halali Culebra msiitarajie. Igandisheni Columbus, ifungeni kwenye kasha la barafu la kupakiwa chini ya ndege. Barafu kavu inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria kwa idhini ya shirika la ndege, na kasha lisizibwe kabisa, kwani gesi lazima itoke. Mchele, mafuta, maziwa na maji ya siku mbili nunueni Fajardo, kwa sababu feri ikisimama, rafu za Dewey hupungua haraka. Toeni na fedha taslimu hukohuko. Samaki mkubwa wa mwambani kama mzia msile: anaweza kubeba sumu ya ciguatera, ambayo moto hauiui.

Muulizeni mwenye nyumba maswali mawili kabla ya kulipa salio: pana tangi la maji, na pana jenereta? Umeme hukatika, na pampu hufuata.

Dawa za presha za mama zitoshe safari pamoja na wiki moja ya ziada, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kisiwani kuna kliniki ndogo, na mgonjwa mahututi husafirishwa kwa helikopta hadi kisiwa kikuu, kwa hiyo pigeni simu kwa bima yake muulize kama inalipia hilo na kama inakubali presha aliyokuja nayo. Malaria hakuna, ila dengi ipo. Puerto Rico ilitangaza dharura ya dengi Machi 2024. Mbu wake huuma mchana, hivyo pakeni dawa yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, krimu ya jua kwanza na dawa ya mbu juu yake. Mtu akipata homa apewe panadoli, asipewe ibuprofeni wala aspirini, ambazo huongeza hatari ya kutoka damu, na apelekwe kwa daktari.

Kuhusu karatasi: Puerto Rico ni ardhi ya Marekani, na safari ya moja kwa moja kutoka Ohio ni ya ndani ya nchi. Kwa mama haihesabiwi kuwa ametoka, na tarehe yake ya kuondoka iliyo kwenye I-94, yaani rekodi yake ya kuingia nchini, inabaki ileile. Achukue pasipoti yake na nakala ya I-94. Wewe na baba watoto mbebe grini kadi zenyewe. Sheria inamtaka mkaazi wa kudumu wa miaka 18 na zaidi atembee nayo, na uwanjani inakubalika badala ya Real ID, kile kitambulisho cha kupandia ndege za ndani. Watoto hawaulizwi kitambulisho wakiwa na wazazi, ila bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa, hazijazi mkoba. Kitu kimoja msikifanye: kuna mashua za kutembeza watu hadi visiwa jirani vya Virgin. Vya Uingereza ni nchi nyingine kabisa, na hata Saint Thomas ya Marekani ina ukaguzi wa forodha na uhamiaji wakati wa kurudi. Mama asipande hizo.

Mkiondoka San Juan, mizigo hukaguliwa na idara ya kilimo kabla ya kuikabidhi ndege. Maembe hayapiti. Nazi, ndizi na shelisheli hupita.

Ikitokea tiketi za Jumatatu mmezikosa na ndege ndogo imejaa, bakini Luquillo wiki nzima na siku moja mpande mashua ya matembezi kutoka Fajardo, inayokwenda Culebra au kisiwa kidogo cha Icacos asubuhi na kurudi jioni. Majaketi ya watoto ni yaleyale, na kabla ya kulipa muulize nahodha kama ana saizi ya mtoto wa miaka minne au mje na lenu.